Masikio ya Jaji Kwenye Msumari

Nisikilize polepole, wewe uliyeketi na kazi yako mkononi, kwa sababu jambo hili nimelisimulia mara nyingi kwa haraka, na kila mara watu wamenielewa vibaya.

Mimi ni mchoraji wa vibao hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi. Vinyozi, makanisa, mafundi wa simu, wote nimewachorea. Siku moja wakili mmoja wa Lilongwe, aliyekuja kambini kwa shughuli zake, alisimama mbele ya kibao changu cha kinyozi, akatabasamu, akaniuliza kama ningeweza kumchorea picha ya jaji, ya kuchekesha. Alitaka kuitundika ofisini kwake, mtaa wa Area 49.

Kwa mtu mwingine hiyo ingekuwa kazi nzuri tu. Lakini ombi letu la kutambuliwa kuwa wakimbizi, mimi na mke wangu na watoto, lilikuwa limekataliwa, na faili la rufaa lilikuwa bado mezani kwa watu tusiowajua. Mke wangu aliposikia, aliacha kuchambua maharagwe.

"We baba batoto," alisema kwa Kiswahili chetu cha Kongo, "dosie yetu iko kwa bakubwa ba sheria, na we njo unaenda kubachekelea?"

"Wakili ameomba mwenyewe."

"Njo hapo mi naogopa. Mutu gani anaomba bamuchekelee? Pengine anataka kuona roho yako iko namna gani, kisha aende kusema."

Kazi niliikubali, na shaka yake nikaibeba pamoja na brashi.

Wakili alinipa picha ya jaji aliyoikata gazetini, ili niige mavazi. Jaji huyo alivaa joho jekundu na nywele za bandia, nyeupe, zilizojikunja kama manyoya ya kondoo na kushuka hadi mabegani. Kwetu Uvira majaji niliowahi kuwaona walivaa joho jeusi na kitambaa cheupe shingoni, na kichwani walikuwa na nywele zao wenyewe. Kwa hiyo niliamini kwamba picha ile tayari ilikuwa imechezewa, na kwamba nywele zile ndizo mzaha. Nikachora jaji mwenye uso wa heshima, uso nilioutunga kwa uangalifu usifanane na wa mtu yeyote, kisha nguvu zangu zote nikazimalizia kwenye nywele.

Nilifunga ubao wa picha kwa shuka, nikapanda nao kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, hadi barabara ya lami, nikapata basi dogo la mjini. Wakili aliufungua, akaukagua pembe kwa pembe.

"Achimwene, ndugu yangu, mzaha uko wapi?"

Nikamwonyesha nywele.

"Lakini ndivyo wanavyovaa. Hata mimi ninazo." Alifungua kabati, akazitoa, akazivaa, akanigeukia. Yeye hakucheka, nami sikuthubutu.

Nikarudi nyumbani na ubao wangu. Sasa nikueleze nilichojifunza, maana si kigumu na wewe pia unaweza. Mzaha si kumfanya mtu awe na sura mbaya. Chukua jambo moja la kweli ulilolishuhudia, lisogeze hatua moja mbele, kisha uache hapo. Mimi nilikumbuka siku ombi letu liliposikilizwa. Mtu aliyetuhoji aliingia, akatundika koti lake kwenye msumari nyuma ya mlango, akaketi. Tangu hapo, hadi mke wangu alipomaliza kueleza jinsi tulivyokimbia, hakuinua macho.

Nikamwacha jaji wangu kwenye kiti chake, nikazisogeza nywele zake nyuma na kumwondolea masikio. Nyuma ya mlango nikachora msumari, na juu ya msumari koti, na juu ya koti masikio mawili. Kisha nikaongeza mwanamke anayejieleza, nikamgeuza ampe jaji mgongo na aongee na mlango, kwa kuwa huko ndiko kuna wa kumsikia.

Mke wangu aliikagua picha akiwa amesimama. "Huyu ni mi."

"Si wewe. Ni mwanamke tu."

"Na kitenge changu alikitoa wapi?"

Siku hiyo hiyo nilibadilisha rangi ya kitenge.

Safari ya pili wakili alicheka mpaka akatafuta kiti. Kicheko kile kilinitisha kuliko ukimya wa kwanza. Nikamwambia kwamba siachi ubao bila karatasi. Sisi wa kambini tumezoea hivyo. Hata viti vya kanisa vikiazimwa kwa msiba, vinaandikiwa. Nilitaka iandikwe kwamba picha aliiagiza yeye, na kwamba jaji huyu si mtu fulani.

"Unanishuku, achimwene?"

"Bwana, wewe ni mtu wa sheria, na mimi rufaa yangu haijajibiwa. Ungekuwa mimi, ungeondoka hivi hivi?"

Aliandika nakala mbili, haraka, akanisogezea kalamu. Kiingereza changu ni cha polepole, kwa hiyo nilisoma nikiweka kidole chini ya kila neno. Mistari mitatu ilikuwa sawa. Wa nne ulisema kwamba maana yoyote itakayoonekana katika picha hii ni ya mchoraji peke yake.

"Na huu?"

"Ah, huo ni mkono tu. Mkono wa wakili una mazoea yake."

"Basi mkono huo huo uukate mstari huu."

Aliukata kwenye nakala zote mbili, tukatia sahihi pembeni. Mpaka leo sijui kama kweli ulikuwa mkono tu. Ubao uko ukutani kwake, na wateja wanautazama wakisubiri zamu. Rufaa yetu bado haijajibiwa, na kila wiki mke wangu huniuliza kama ile nakala ipo. Ipo, kwenye mfuko mmoja na barua za rufaa.

Nawe ukipewa karatasi ya kutia sahihi, isome hadi mstari wa mwisho, au mwombe unayemwamini akusomee. Usichokubali kikatwe kwanza, ndipo utie sahihi, na usiondoke bila nakala yako.