Kinywa cha Mzee Mhondamo

Mzee Mhondamo akisimama kuomba katika kanisa la Wabaptisti la kijiji kimoja cha Walotha, watu wa milimani, juu ya mto Doyang, wenyeji hujiweka sawa kwenye mabenchi. Mzee huyo haombi kwa pupa. Huanza na mvua, akashukia mpunga wa mlimani, akaingia kwa wajane mmoja mmoja kwa majina yao, akawapitia watoto wanaosoma mjini, na hata tembo wanaokula mahindi huwa hawasahau. Kina mama wanaomkaribisha kuwaombea majumbani wana utani wao: akifumba macho, wao hubandika birika, akisema amina, chai imeshaiva.

Lakini wanamwita, tena kwa foleni. Mwenye safari, mwenye mtihani, mwenye ng'ombe asiyekula, wote humtaka Mhondamo, si kwa kuwa ni shemasi, maana mashemasi wamejaa, bali kwa kuwa watu wanaamini kinywa chake kina uzito. Yeye mwenyewe ni mkulima na msuka vikapu vya mianzi, hana makuu mengine. Uzito huo wa kinywa chake aliujua, na ulimpendeza kuliko inavyompasa shemasi.

Jina moja tu halikuwahi kusikika katika maombi yale marefu. Jina la Yanbeni, binti wa dada yake.

Chanzo chake ni nyama, na msicheke. Yanbeni alipoolewa, nguruwe wa harusi walichinjwa, na paja la mjomba likatengwa kama ilivyo desturi. Mjomba mkubwa ndiye mwenye haki nalo. Vijana wa upande wa bwana harusi, wageni wa kijiji kingine, wakaulizia nyumba ya mjomba, wakaonyeshwa ya mdogo wake Mhondamo, wakalitua huko na kwenda zao. Mdogo mtu naye akakaa kimya na paja lake. Mhondamo alingoja mpaka jua likageuka. Ndipo akaingia jikoni kwa dada yake, wanawake wakikata nyama, bibi harusi amekaa karibu na mafiga, akasema mbele ya wote:

"Kumbe mjomba si mtu? Haya, nenda. Huko uendako asipatikane wa kukuita mama."

Visu vikasimama. Injili imekaa kijijini pale tangu enzi za mababu, na mpaka leo hakuna anayefanya mchezo na ulimi wa mjomba. Mhondamo alijuta kabla hajafika kwake. Angegeuka tu, yangekwisha. Hakugeuka. Alikuwa na haki ya paja, akajiambia, na miguu ikaendelea kutembea.

Mimba ya kwanza ya Yanbeni ilitoka. Ya pili nayo ikatoka. Mhondamo alizipokea habari zile akiwa shambani, na mara zote mbili alilia kama mtoto, peke yake, jembe mkononi. Aliamini kabisa kwamba Mungu hawezi kuwa mtumwa wa hasira za mzee aliyekosa nyama. Mchungaji mwenyewe amelihubiri hilo. Hata hivyo kila siku alimwombea binti yule kimoyomoyo, midomo imefungwa. Kumtaja kwa sauti kungekuwa kukiri mbele ya kijiji kizima kwamba kinywa wanachokisifu ndicho kilichomtupia neno lile.

Sasa Yanbeni alikuwa amerudi kwa mama yake kujifungua, na asubuhi moja dada mtu, Zuchano, akamfuata kaka yake kibarazani alikokuwa akichana mianzi.

"Kaka, mwanangu amekuja."

"Nimesikia."

"Umesikia tu?"

"Anakula?"

"Anadonoadonoa. Usingizi hana. Mtoto akitulia kidogo tumboni, yeye anashika ukuta kwa hofu. Na akienda kisimani anazunguka kule nyuma, asipite mlangoni kwako."

Mhondamo akachana mwanzi mwingine, ukaenda upande.

"Namwombea," akasema. "Tangu siku ile ile, Zuchano. Sijaacha hata siku moja."

"Kwa sauti?"

"Moyoni. Mungu anasikia ya moyoni."

"Mungu amesikia, sibishi. Mwanangu ndiye hajasikia."

Kaka mtu akainamia mianzi yake.

"Tembo unawaombea kanisa zima likisikia," Zuchano akasema. "Tembo, kaka! Yanbeni amekukosea nini kuliko tembo?"

Mzee aliweka kisu chini. Alivaa koti lake la kanisani ingawa haikuwa Jumapili, akamfuata dada yake. Njiani alipanga maombi ya nguvu: angeanza na Sara, apite kwa Hana, atue kwa Elisabeti, wagumba wa Biblia waliojaliwa watoto. Alikuwa na maneno ya kutosha kukesha nayo.

Jikoni ni pale pale, mafiga ni yale yale, nyama ikikauka juu ya moshi. Majirani wawili walikuwa wakimenya machipukizi ya mianzi, na birika ndiyo kwanza limebandikwa. Yanbeni alipomwona mjomba wake aliinuka aondoke, mkono tumboni.

"Kaa, mwanangu," Mhondamo akasema. "Kaa, nakuomba."

Binti akakaa. Sara akapotea, Hana akapotea, Elisabeti hakuonekana. Mzee alibaki amesimama na mikono yake mitupu, na majirani wakaacha kumenya.

"Hapa hapa nilikutamkia neno baya," akasema. "Halikutoka kwa Mungu. Lilikuwa langu, na lilikuwa la kijinga. Nalirudisha. Nisamehe, Yanbeni." Akamwekea mkono kichwani. "Bwana, mtoto huyu azaliwe. Amwite huyu mama. Amina."

Yanbeni alilia, tena kwa sauti, na mama yake akamwacha alie. Kisha akajifuta kwa ncha ya shali, akatazama birika, akamtazama mjomba wake.

"Mjomba, ndiyo basi? Mbona hata maji hayajachemka?"

Majirani wakaangua kicheko, Zuchano naye akacheka na machozi yake. Mzee akacheka kidogo, akiwa na aibu.

"Rudia," Yanbeni akasema. "Taratibu. Na unitaje jina, nisikie."

Mhondamo akafumba macho, akaanza upya kwa jina lake. Maji yakachemka, birika likakauka juu ya mafiga, na hakuna aliyeinuka kuliepua.