Msonyo wa Mzee Harlan

Kiharusi kilimwachia Mzee Harlan mkono wa kushoto na neno moja. Neno lenyewe lilikuwa "Yes." Ukimuuliza kama ana njaa, "Yes." Kama ameshiba, "Yes." Kama mto unamuumiza shingo, "Yes," na kama haumuumizi, "Yes" ile ile, huku macho yakimtoka kwa hasira, maana masikio yake yalikuwa mazima na yalimsikia akisema asichokusudia. Naye alikuwa mtu aliyeishi kwa maneno: aliandika habari za besiboli gazetini tangu ujana wake mpaka alipostaafu.

Celestine alikuwa akimhudumia nyumbani kwake Fort Worth, Texas, tangu kabla ya ugonjwa huo. Kila asubuhi aliwaacha wanawe Plano na baba yao, akaingia barabara kuu akiwa na chai yake kwenye kikombe cha kifuniko. Kwao ni Iten, mji wa wakimbiaji kwenye milima ya Kenya, na wa Iten hawazoei kushindwa na mlima. Lakini ile "Yes" ilimshinda.

Siku moja, akimgeuza kitandani, mzee alikaza mwili akakataa kugeuka.

"Mzee, kama hutaki, si unisonye tu!" Celestine alimwambia kwa utani. Akamwonyesha: akabana midomo, akavuta hewa kati ya meno, akatoa sauti ambayo kwao ingemletea kofi la mama yake.

Mzee alimtazama kwa makini. Akajaribu, mate yakamtoka. Akajaribu tena kesho yake na keshokutwa, mpaka msonyo ukatoka mrefu na mchungu kama wa mama mkwe aliyeletewa ugali mbichi. Walicheka wote wawili hadi mzee akapaliwa. Tangu hapo walikuwa na lugha: kuinua nyusi ni ndiyo, kusonya ni hapana.

Ilipofika Desemba, bahasha ikaja kama kila mwaka. Mzee alikuwa mmoja wa waandishi wanaopiga kura kuamua ni wachezaji gani waingie kwenye ukumbi wa mashujaa wa besiboli. Ili mchezaji aingie, waandishi watatu kati ya kila wanne lazima wamkubali. Akikosa kwa miaka kumi, jina lake huondolewa. Huu ulikuwa mwaka wa mwisho wa Ray Landrum, mpigaji ambaye mzee alimfuata kila uwanja wa Texas akimwandikia sifa, na ambaye baadaye alikiri kwamba misuli yake aliijenga kwa sindano za dawa haramu. Mara tisa mzee alikuwa ameliruka jina lake.

"Kwa nini usimsamehe?" Celestine aliwahi kumuuliza, kabla ya kiharusi, wakati mzee bado ana maneno.

"Nimemsamehe. Lakini kulikuwa na vijana wasiojidunga, wakarudishwa kwao kwa sababu hawakuupiga mpira mbali kama yeye. Nani anayajua majina yao?"

Hapo Celestine alimsimulia habari za kaka yake, Kipngeno. Alishika nafasi ya pili katika mbio za marathoni, na aliyemshinda alipokewa uwanja wa ndege wa Eldoret kwa nyimbo na kibuyu cha mursik, maziwa yale ya kugandishwa anayonyweshwa mshindi. Baadaye mshindi huyo akakutwa na dawa mwilini. Kipngeno akapandishwa kuwa wa kwanza, kwenye kompyuta. Hakuna aliyekwenda uwanjani kumwimbia.

"Na yule mwingine," mzee aliuliza, "waliyatoa maziwa tumboni mwake?"

Pamela, binti wa pekee wa mzee, alikuja kutoka mji wa Katy kwa ajili ya Krismasi. Alikuwa mtu mwema, akaja na zawadi hata za watoto wa Celestine. Alikaa kando ya kitanda, akafungua bahasha, akaanza kusoma majina moja moja.

"Baba, Landrum? Mwaka huu umkubali?"

"Yes," mzee alisema. Kisha akasonya.

"Anataka maji," Pamela alisema, akamwekea mrija mdomoni.

Celestine alikuwa akikunja taulo. Sheria ya kampuni iliyomwajiri ilikuwa wazi: karatasi za mteja hazimhusu mhudumu. Lakini mdomo ulimtangulia.

"Samahani, mama. Hataki maji. Hiyo sauti ni hapana."

"Hapana kwa lugha gani?"

"Ya kwetu. Mimi ndiye niliyemfundisha."

Pamela aliweka kalamu chini taratibu. "Umemfundisha wewe. Na kaka yako ndiye yule mkimbiaji, sivyo? Baba aliniambia." Hakusema kwa ukali, na hilo lilimuuma Celestine zaidi. "Sasa nitajuaje hiyo hapana ni ya nani? Baba alimsifu Landrum miaka yote ile, na magazeti yakauzwa. Wote walijua, wakanyamaza. Halafu aadhibiwe mmoja?"

Celestine aliliweka taulo chini. Maneno yale yalikuwa na haki yake.

"Haya, muulize wewe," Pamela alisema.

Celestine akapiga magoti kando ya kitanda. "Mzee, Landrum aingie?"

Mzee alimtazama. Midomo ikatetemeka, ikajibana, lakini alikuwa amechoka na koo limejaa maji, pumzi haikuvutika. Kilichotoka ni kile kilichokuwa kikitoka siku zote.

"Yes."

Chozi likamshuka hadi sikioni. Pamela akalifuta kwa upendo, akamshikisha baba yake kalamu, akauongoza mkono wake hadi kwenye jina.

Jioni Celestine aliondoka akiwa na bahasha kwenye kiti cha abiria. Pamela alikuwa amemwomba aipitishe posta. Alisimamisha gari kando ya sanduku la barua, akampigia Shiru, rafiki yake muuguzi wa Stafford, akamsimulia yote.

"Celi, tia hiyo karatasi sandukuni uende nyumbani."

"Si kura yake, Shiru."

"Na ukiichana itakuwa ya nani? Yako! Walai, agency iliyokuajiri wakisikia, utalia. Hata leseni hutaiona."

"Alikuwa anakataa. Nimemwona."

"Nakuamini, dada. Lakini nani mwingine atakuamini?"

Aliigeuzageuza bahasha mikononi, kisha akaiachia sandukuni.

Januari matokeo yalitangazwa. Celestine alikuwa amemkalisha mzee mbele ya televisheni, shuka miguuni, na Pamela alikuwa kwenye simu kutoka Katy, sauti imefunguliwa ili baba yake asikie. Landrum alipita kwa tofauti ya kura chache sana. Wakaonyesha picha zake za zamani, umati ukimshangilia, kisha yeye mwenyewe nyumbani, ameota mvi, akilia na kukumbatiwa na mkewe.

Mzee Harlan akajikusanya. Akabana midomo, akasonya, msonyo mrefu kuliko yote aliyowahi kusonya, mpaka mabega yakamtikisika.

"Celestine?" Pamela aliita kwenye simu. "Namsikia. Mpe maji, tafadhali."

Mzee aligeuza macho yake kwa Celestine, akangoja.

"Sawa, mama," Celestine alisema, akainuka kwenda jikoni kuyaleta.