Namba Tano na Kamba za Viatu

Msimu huu niliwaangalia mabeki wetu nikatamani kutapika. Sisemi kwa utani. Nilikuwa nimekaa juu ya ndoo niliyoipindua kando ya uwanja wa mchanga, nyuma ya maghala, jua la Doha linanichoma kisogo, mkononi nina chai ya maziwa ambayo huku wanaiita karaki. Kila nilipoinua macho nikawaona wale wanaume wanne waliopangwa kulinda goli letu, chai ilinipalia.

Kwanza niieleze timu. Tulisoma chuo kimoja cha hoteli kule pwani, kila mtu na mwaka wake, na ajenti mmoja akatuleta Qatar, kwenye hoteli moja, mmoja baada ya mwingine, mpaka tukatosha kuwa timu. Tunaitwa Chuo, basi. Tunacheza na madereva, walinzi na wapishi, Wakenya, Waganda na Watanzania wenzetu. Ligi ni Ijumaa alasiri, kwa sababu Ijumaa ndiyo siku mtu anayoweza kupata ofu. Mimi sichezi. Miguu yangu ni ya kusukuma toroli la mashuka. Mimi ni shabiki, na kila mwaka kabla ya ligi huwa nawapima mabeki mmoja mmoja na kuwaambia ukweli kwenye kundi letu la WhatsApp. Washambuliaji wanasifiwa na kila mtu. Beki anahitaji mtu wa kumchukia kwa karibu.

Basi tuanze na namba mbili. Namba mbili ni mwimbaji wa kwaya. Ijumaa asubuhi, maana huku ibada kubwa ni Ijumaa, yuko kanisani Mesaimeer, na ibada ikiisha haondoki: asalimiane, apige picha, ale wali wa watu. Siku ya mechi ya kirafiki, ile ya mwisho kabla ya ligi, alifika na suruali ya kwaya yenye mkunjo, akabadilisha nguo nyuma ya gari wenzake wakiwa wameshapanga mstari. Akipanda kushambulia hupanda kama anakwenda harusini, na huko harusini hana haraka ya kurudi.

Namba tatu ana mbio, hilo simnyimi. Tatizo anakimbia huku anautazama mpira tu. Mara mbili nimemwona anampita mtu aliyetakiwa kumkaba, anafika mbele, anasimama, anaanza kumtafuta.

Namba nne ana ugonjwa wa adabu. Amekaa mapokezi miaka mpaka mwili wake umezoea kumkaribisha mtu. Mshambuliaji akija, yeye anarudi nyuma hatua moja na kumpisha. Siku moja nilimsikia kwa masikio yangu, mtu amemgonga kwa kiwiko mbavuni, naye akasema samahani.

Nimewachukia hawa watatu kwa miaka, na bado tulikuwa tunashinda. Tulishinda kwa sababu ya namba tano.

Namba tano ni rafiki yangu, Mkenya, tunalala chumba kimoja mtaa wa Najma, kitanda chake chini, changu juu. Kazi yake hotelini ni mlangoni. Anavaa koti lenye vifungo vya dhahabu, anafungua mlango, watu wanapita. Hawamtazami. Wengine humwachia mwavuli mkononi kana kwamba ni msumari ukutani. Siku sita anafungua, Ijumaa anafunga. Kipa wetu, Mzanzibari mwenye sauti ya kuuza samaki, akiona pengo humpigia kelele neno moja tu: "Funga!" Na rafiki yangu hulifunga. Nimemwona akirudi Najma siku za Ijumaa na goti limechubuka, anakula ugali huku anacheka peke yake. Siku nyingine hafungui domo lake. Nilijua kuwa mtu huyu hana kingine katika nchi hii, ana ile namba tu.

Nayo ndiyo waliyomnyang'anya.

Aliyempokonya ni supavaiza wetu. Naye ni wa chuo chetu, wa miaka ya nyuma sana, na yeye ndiye anayepanga zamu. Miaka yote hakuwahi kuuangalia mpira wetu. Mwaka huu daktari alimwambia apunguze tumbo, akaona njia rahisi ni kucheza beki wa kati. Hakuomba. Alisema tu, "Namba tano nitakaa mimi," kama mtu anayechagua kiti kwenye basi.

Tulikutana na kocha kwenye mkahawa mmoja wa chai mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, mimi na rafiki yangu. Kocha ni mpishi wa mikate, mtu mwema asiye na uti wa mgongo.

"Jamani, mimi nifanyeje?" akasema. "Ofu zote za Ijumaa ziko mkononi mwake. Nikimweka benchi, wiki inayofuata nitakuwa na kipa, na huyu na ndoo yake."

"Bora ndoo," nikamwambia.

Rafiki yangu alinishika mkono. "Wacha tu, buda. Bora watu wacheze. Mimi naweza ingia dakika za mwisho."

"Wewe? Dakika za mwisho?"

"Niko sawa," akasema. Hakuwa sawa, na chai yake aliiacha.

Basi turudi kwenye mechi ile ya kirafiki. Supavaiza alikuja na viatu vipya vya rangi ya machungwa, jezi imembana tumboni. Alipotaka kufunga kamba za viatu tumbo lilimkatalia. Hakuhangaika. Alinyoosha mguu mbele, akasema, "Funga." Alimwambia nani? Alimwambia rafiki yangu, aliyekuwa amesimama hapo na fulana ya akiba. Na rafiki yangu akapiga goti mchangani, akafunga kulia, akafunga kushoto, akakaza fundo mara mbili kamba zisije zikafunguka.

Nilisikia kinyaa. Nilimkinai mwenye mguu, nikamkinai kocha aliyejifanya anahesabu koni za mazoezi, na rafiki yangu nilimkinai kuliko wote.

Kipindi cha kwanza tuliponea chupuchupu. Supavaiza alikuwa anasimama katikati, mikono kiunoni, anawaelekeza wengine kwa kidole. Kipindi cha pili timu zikabadilishana magoli, na hapo ndipo palipotokea kitu ambacho nitakieleza mpaka nife. Kona ilipigwa. Mpira ukagonga vichwa viwili, ukaanguka kwenye msongamano. Supavaiza alikuwa amezungushwa, amepoteza mwelekeo, jasho limemjaa machoni. Mshambuliaji wao akawa anatafuta pa kupita, na kipa wetu kama kawaida yake akapaza sauti:

"Funga! Funga we!"

Kipa alimaanisha azibe njia. Rafiki yangu angejua bila kufikiri. Lakini supavaiza hakuwahi kuja mazoezini hata siku moja, na mtu aliyejifunza mpira kwenye televisheni akisikia funga anajua jambo moja tu. Mpira ukamjia mguuni vizuri, goli liko mbele yake, watu wanamwambia afunge. Akapiga. Tena alipiga vizuri, kusema kweli. Ukaingia pembeni kabisa, kipa ameduwaa. Supavaiza akainua mikono, akakimbia kuja upande wetu, anatabasamu, anatafuta wa kumkumbatia.

Hakuna aliyesogea. Tabasamu likaanza kumkauka.

"Si umesema funga?" akamgeukia kipa.

"Funga njia, bwana! Nani kakwambia ufunge goli letu wenyewe?"

Namba nne, yule wa adabu, akapiga makofi mawili. "Bahati mbaya, bosi." Na wengine wakafuata, bahati mbaya bosi, inatokea bosi, hata wakubwa hujifunga. Sijawahi kusikia unafiki mtamu namna ile. Watu wazima, baba za watu, wanambembeleza mtu mwenye kalamu ya zamu.

Mimi nilicheka. Nilicheka mpaka nikaanguka kutoka kwenye ndoo. Cheko lilitoka lenyewe, na kwa kuwa wengine wote walikuwa wanabembeleza, lilisikika uwanja mzima.

Kesho yake supavaiza alinikuta kwenye korido. "Nimekubadilishia," akasema. "Wewe sasa utapumzika Jumanne. Ijumaa upo." Hakupandisha sauti. Kwa msimu mzima, hivyo.

Ijumaa ya kufungua ligi, basi, nilikuwa kwenye chumba cha mashuka. Lakini Mungu hamtupi mja wake. Siku hiyo hoteli ilikuwa na harusi ya wenye fedha zao, na meneja akamwamuru supavaiza asitoke, asimamie yeye mwenyewe. Kwa hiyo uwanjani namba tano alisimama mwenyewe, rafiki yangu, na huku chini tulikuwa mimi na supavaiza, mimi nakunja, yeye anatembea huku na huko, kila mmoja anaiangalia simu yake na kujifanya haiangalii. Kina dada wanne wa Kiganda walikuwa wanapiga pasi, nao habari ya goli lile walishaisikia.

Ujumbe ukaingia kutoka kwa kipa. Tumeshinda moja bila. Hakuna aliyepita.

Supavaiza aliusoma, akarudisha simu mfukoni, akanuna. Hapo akagundua kamba ya kiatu chake cha kazi imefunguka. Sidhani kama aliwaza. Mazoea yana tabu. Alinyoosha mguu kuelekea kwangu, akatazama pembeni, akasema:

"Funga."

Nilikuwa na shuka mikononi. Nilimwona rafiki yangu amepiga goti mchangani, fundo mara mbili. Nilijua Ijumaa zangu zimeshakwenda, na nilijua kuwa nikiinama sasa huenda nikazipata tena. Aliuacha mguu pale pale, ananingoja.

"Bosi," nikamwambia, "wewe si unajua kujifunga mwenyewe?"

Dada wa kwanza alishikilia kicheko kwa pua. Wa pili akashindwa. Pasi zikawekwa chini, wakaangua kicheko wote wanne, na mmoja akatoka mbio kwenda kuwaambia wa jikoni. Supavaiza aliurudisha mguu taratibu. Alitoka akiburuta kamba sakafuni.

Kabla magharibi haijaingia, hoteli nzima, kuanzia jikoni mpaka mlangoni, ilikuwa inamwita Jifunga. Wiki iliyofuata alimwambia kocha kuwa goti linamsumbua, daktari amemshauri kuogelea. Namba tano ikarudi kwa mwenyewe, na timu nzima wameachiwa ofu zao, kwa sababu hakutaka ionekane ana kinyongo. Kinyongo chake chote kimebaki kwangu. Jumanne napumzika, Najma haina mtu, naosha soksi.

Ijumaa jioni nikishuka kazini nampigia rafiki yangu, anieleze mechi. Ananieleza kidogo tu, maana huwa bado anacheka na wenzake, nasikia kelele zao nyuma, nasikia kipa anamsimulia mtu jambo. Juzi nilimkatiza. Nikamwambia amwambie namba mbili aache kupanda ovyo, namba tatu amtazame mtu, na namba nne nikimsikia tena anamwomba mtu radhi nitamchapa.

"Namba nne leo amecheza poa sana," akasema.

"Poa wapi! Yule namjua mimi."

Akauliza, bila ubaya wowote, kama mtu anayeuliza saa:

"Kwani ulikuwepo?"