Huguette Avuka Mto kwa Sketi Saba

Jirani yangu Huguette Vauquelin huandika vitabu vinene vya wanawake wa Ufaransa ya kale: malkia, wauza samaki, vimada wa wafalme. Mimi shule niliiaga mapema, kwa hiyo hunisomea yeye tukimenya viazi, nami humwonyesha pale anapodanganya vibaya. Uongo naujua, nimeufanyia kazi miaka themanini.

Huguette ana ugonjwa mmoja. Haandiki jambo kabla ya kulijaribu mwenyewe. Mwaka wa kitabu cha kimada wa mfalme, alikwenda sokoni amekazwa kiuno kwa vazi la kale la kamba na mifupa ya nyangumi. Alipoinama kuchagua vitunguu kamba zikakatika, kifungo kikaruka kikamtoboa jicho jogoo wa jirani yetu Gaston. Mpaka leo yule jogoo huwika kwa upande.

Kiangazi cha mkasa huu alikuwa anamalizia habari za Sista Apolline, mtawa anayewatoroka askari wa Mapinduzi ya Ufaransa kwa kuogelea mto wetu huu wa Loire na sketi zake saba za kitawa. Kazi ya miaka minne. Mhariri wake wa Paris, Bwana Thibaud, akapiga simu.

"Bi Huguette, hakuna mtu anayeogelea na sketi saba. Ifute hiyo sura. Mwache afe kwa homa."

"Homa? Apolline wangu afe kitandani kama shangazi yako? Nipe mpaka Jumatatu!"

Nikamshonea sketi saba za sufu.

"Ukizama," nikamwambia, "nani atanisomea?"

"Bibi Fernande, funga mdomo, kaza mkanda."

Ilikuwa tarehe kumi na tano Agosti, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Huguette akaingia majini, Gaston akimfuata na mtumbwi. Mwanzoni sketi zilijaa hewa, akaelea kama andazi kwenye mafuta. Katikati ya mto zikanywa maji. Ikabaki pua.

"Panda, we mwehu!" Gaston akapiga kelele.

"Nikipanda, Apolline amekufa!"

Basi akavua moja. Akavua ya pili. Ya tatu ilimnasa Gaston kasia. Ya saba ilipokwenda na maji, blauzi nayo ikaona isibaki nyuma.

Akaibukia ng'ambo, mzima, na chupi ya maua, katikati ya chakula cha parokia. Meza ndefu, watu sitini. Padri Anselme alikuwa ameinua glasi ya divai, ikagandia hewani.

"Mwanangu," akasema, "unatoka wapi?"

"Utawani, Padri."

Padri akavuta kitambaa cha meza, akamfunika, akamkatia jibini ya mbuzi. Wake wa wavuvi walicheka mpaka benchi likavunjika.

Usiku na mchana Huguette aliandika upya. Safari hii Apolline anavua nguo za utawa moja moja, na anafika ng'ambo hana hata shela, mbele ya padri aliye mezani. Jumatatu Thibaud akapiga simu.

"Sura inabaki," akasema, sauti imepoa. "Lakini Bi Huguette, mtawa uchi mbele ya padri? Nani ataamini?"

"Shika kalamu," Huguette akamjibu, "nikupe namba ya padri."