Mabati ya Kipa wa Elburgon

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilikabidhiwa kombe bila kutokwa na jasho, na tangu siku hiyo ligi yetu haikuchezwa tena. Nakuandikia kwa sababu umeniambia kamati ya ligi yenu ya Lanet inapiga kura Jumamosi kuondoa kiwango cha juu cha malipo ya wachezaji. Timu yako imepata mkandarasi mwenye pesa, na mkandarasi anataka kununua. Nisikilize kwanza, halafu upige kura unavyoona.

Nilikuwa na umri kama wako. Nilikuwa nanunua viazi Molo na kuviuza Nakuru, na nilikuwa mweka hazina wa timu ya mtaa wetu. Ligi ilikuwa na timu nane, kutoka mjini hadi Elburgon, na sheria moja kwenye daftari la mwenyekiti: mchezaji apewe nauli, chakula, na posho isiyozidi kiasi fulani, awe nyota au awe wa benchi. Kwa hiyo wapakiaji wa mbao wa Elburgon walikuwa wanakuja mjini na kutufunga, na sisi tunawafuata huko kwenye matope kulipiza. Jumamosi asubuhi hakuna aliyejua nani atashinda. Mimi hilo niliona ni hasara.

Elburgon walikuwa na kipa anaitwa Kibet, mikono kama milango. Niliisoma ile sheria, nikairudia. Ilisema pesa. Haikusema mabati.

Nikamfuata kwao. Nyumba ya mama yake ilikuwa inavuja, sufuria zimepangwa sakafuni.

"Nakupa mabati ishirini, uje udake kwetu," nikamwambia.

"Nyumba ya mathe inataka thelathini."

"Ishirini na mbili, na misumari."

"Boss, mvua haijui ishirini na mbili."

Tukakubaliana ishirini na sita. Nikaendelea hivyo hivyo. Mshambuliaji mmoja nikamchukua kwa ndama, beki mmoja kwa karo ya dada yake. Timu yetu ilikuwa na wafadhili wenye maduka, nami nilikuwa na mdomo. Kwenye daftari hakuna aliyezidishiwa hata shilingi.

Mwenyekiti wa ligi alikuwa Mzee Wafula, mstaafu wa reli, mtu wa maneno machache. Aliniita kwake, akaninywesha chai kwanza, na hapo ndipo nilipojua mambo si mazuri.

"Ligi hii ina timu ngapi?"

"Nane, mzee."

"Hesabu tena."

"Ni nane tu."

"Mimi naona moja, na saba za kuisindikiza."

"Lakini sijavunja sheria, mzee."

"Sikukuuliza sheria. Hao saba wakichoka, utacheza na nani? Na mabati?"

Nilicheka mpaka nikafika barabarani. Nilidhani mzee ana wivu.

Tukaanza kushinda sita bila, nane bila. Timu moja ilijaribu kushindana na mifuko yetu, ikakopa, ikavunjika katikati ya msimu, na nahodha wao akauza hadi nyavu za goli. Nyingine zilikuja na wachezaji tisa, halafu saba. Mimi nina tabia ya kuhesabu, unanijua. Mwanzo wa msimu nilihesabu watazamaji mia tatu na kidogo. Mechi ya kabla ya ile ya mwisho walikuwa arobaini na mmoja. Nikahesabu tena, bado arobaini na mmoja, pamoja na mama wa mayai ya kuchemsha, naye alikuwa amegeuza kiti chake upande wa barabara.

Siku ya mwisho tulikuwa tucheze na Elburgon. Tulingoja. Likaja lori la mbao, akashuka nahodha wao peke yake na gunia la jezi begani.

"Wachezaji wako wapi?" refa akauliza.

"Wamebaki kazini."

"Kwa nini hawakuja?"

"Kuja kufanya nini?"

Refa akapuliza filimbi, tukapewa ushindi wa mezani. Kibet alikuwa amesimama golini kwetu, glovu zake safi kama za dukani. Nikamwendea nimpongeze.

"Mathe halowi tena," akaniambia. "Lakini mimi mechi tano sijagusa mpira. Hapa nafanya kazi gani?"

Mzee Wafula alinipa kombe, akafunga daftari. "Sasa hesabu," akasema. Sikuhesabu. Msimu uliofuata hakuna timu iliyojiandikisha, hata yetu. Wenye maduka hawalipii timu isiyo na wa kucheza naye. Uwanja leo una nyumba za kupanga. Kibet alirudi kupakia mbao, na nilipomwona mwaka jana mgongo ulikuwa umepinda. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Basi, mwanangu, neno langu ni hili. Kiwango kisiondolewe. Na kulinda kiwango peke yake hakutoshi, kwa maana sisi tulikuwa nacho. Andikeni mabati, andikeni ndama, karo, na kazi ya shemeji, kila kitu kinachopita mlango wa nyuma kihesabiwe kama posho. Mtu kama mimi yupo kwenye kamati yenu, na ninaogopa ni wewe. Huyo mkandarasi, kama anapenda mpira kweli, anunue mipira ya timu zote na akodi katapila lisawazishe uwanja. Akikataa, utakuwa umejua alichokuja kununua. Timu unayotaka kuimaliza ndiyo inayomtoa mtu nyumbani Jumamosi kuja kukutazama.

Mungu akupe mpinzani mgumu kila wiki, mwanangu. Akuache ufungwe mara moja moja, akurudishe nyumbani umechoka, na Jumamosi inayofuata akukutanishe naye tena.