Aliyeondoka Matangani

Watu hupenda kuniuliza kwa nini sikuwa daktari, mimi niliyekuwa msichana wa shule mwenye kichwa. Huniuliza kwa sauti ya huruma, na huruma ya namna hiyo hunichefua. Sikushindwa. Nilizuiwa na mtu mwenye tumbo, aliyevaa abakosi ya kijivu, ile suti ya wakubwa isiyo na tai, iliyopigwa pasi vizuri, na nitasema habari zake mpaka siku nitakayozikwa.

Mwaka wangu wa mwisho wa sekondari, hapa Kindu, baba aliugua. Hospitali ilikuwa na vitanda visivyo na magodoro, na daktari mmoja ambaye kila tulipomtafuta tuliambiwa amesafiri Punia. Tukamrudisha baba nyumbani, ng'ambo ya mto, nikamuuguza mimi, maana mama alikuwa shambani akitafuta cha kutulisha. Nilimgeuza, nilimwosha vidonda vya mgongo, nilimnywesha uji kwa kijiko. Shuleni nilikwenda nilipoweza. Hapo njo niliapa kwamba nitasoma udaktari, na kwamba mgonjwa wangu hataambiwa kamwe kuwa nimesafiri.

Alikufa wiki ya Mtihani wa Serikali.

Ukoo wa baba umetoka upande wa Obokote, na kwetu matanga si mchezo. Mtoto wa marehemu hunyolewa kichwa, huketi mkekani, haogi, havuki kizingiti ila kwa haja, mpaka wazee waondoe matanga. Atakayetoka kabla, wanasema, amebeba kifo mikononi, na kila atakayemgusa atakipata. Baba zangu wakubwa walijaa uani, wanakula kuku wetu na kunichunga kwa macho.

Mama njo alinitoa. Asubuhi ya mtihani, wazee wakiwa kwenye chai, alinisukuma mgongoni. "Amka uende."

"Mama, na baba je?"

"Baba yako hana haraka tena. Mtihani ndio una haraka."

Nikatoka na upara wangu, miguu bila viatu, ninanuka jasho la siku zile zote. Kwenye mtumbwi watu walijibana upande mmoja mpaka mpiga kasia akawagombeza: "Munataka kutuzamisha?" Mama mmoja mwenye beseni la samaki akawafunika samaki wake kwa kikwembe. Samaki! Walikuwa wamekufa tangu jana, lakini alihofia nisiwaue tena.

Niliandika mtihani. Maswali ya fizikia niliyaona mawili mawili. Jioni niliporudi, baba mkubwa alinitemea mate miguuni mbele ya watu wote. Kesho yake mama akanisukuma tena, na kesho kutwa tena, mpaka mtihani ukaisha.

Matokeo yalipotoka nilikuwa nimepita, lakini kwa kukwaruza: alama hamsini na tatu kwa mia. Kwa kazi ya ofisi zingetosha. Kwa fakilte ya udaktari kule chuo kikuu, aaa, wapi! Huko walichukua wenye sitini na kitu, na watoto wa wakubwa wenye chochote. Ila mwaka ule ilitangazwa kwamba tume itakuja Kindu kuwasikiliza wale ambao alama zao ziliangushwa na shida. Prefe, yaani mkuu wa shule yetu, mtu mwema na mjinga, akaniambia: "Eleza shida yako yote, usifiche kitu. Wataona moyo wako." Nikamwamini.

Walikuwa watatu nyuma ya meza moja ndefu, darasani. Upande huu inspekta wa shule, upande ule daktari aliyetumwa na fakilte kutoka Kisangani, na katikati mukubwa wa Chama, yule wa abakosi, beji yenye sura ya Kiongozi wa nchi kifuani. Siku zile Chama kilikuwa kimoja tu, na sisi sote tulikuwa ndani yake, tupende tusipende. Inspekta alinipa kalamu yake niandike jina. Daktari akaniita raia, kama tulivyoitwa sote siku zile: "Sitwayeni, alama zako za miaka ya nyuma ni nzuri. Mwaka huu kulitokea nini?"

Nikaeleza. Vidonda vya baba, mkeka, mtumbwi, vyote. Nilijivuna hata, kwa sababu nilifikiri wanaona ushujaa.

Nilipomaliza, niliweka kalamu mezani. Inspekta aliitazama na hakuichukua. Akavuta kiti chake nyuma.

"Ngoja," mukubwa akasema. "Wewe uliacha matanga ya baba yako?"

"Niliacha kwa ajili ya mtihani, mukubwa."

"Sisi tumetupa majina ya wazungu, tumetupa tai zao, ili turudi kwa wazee wetu. Na wewe unakanyaga mkeka wa baba kwa sababu ya makaratasi? Mikono ya namna hiyo njo itagusa wagonjwa wa Zaire?"

Damu ikanipanda. Nilizaliwa na ulimi huu, nifanyeje? "Mukubwa, kama ungekuwa wewe mgonjwa, na mimi niko matangani, nikuambie ungoje?"

"Ningengoja," akasema, polepole, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu. "Mila ni mila. Ningengoja."

Nikamgeukia daktari. Yeye alijua. Mtu aliyesoma miaka yote ile alijua kwamba kifo hakikai kwenye vidole vya msichana. Akatazama saa yake, akasema, "Anayefuata." Yule mukubwa nilimchukia. Huyu nilimdharau, na dharau hiyo haijanitoka mpaka leo.

Jina langu halikutoka. Baba mkubwa alikuja nyumbani makusudi ili aniulize: "Ulikimbia mkeka, sasa umekalia nini?" Nikaingia shule ya wauguzi palepale Kindu, ambako hakuna aliyeuliza habari za matanga, nikapewa kazi katika hospitali ileile. Magodoro bado hayakuwepo. Daktari aliendelea kusafiri Punia.

Miaka ikapita, mama naye akafa. Safari hii niliketi mkekani kwa kupenda kwangu, nimenyolewa, sijaoga. Sikulazimishwa na mtu. Mama yule alistahili kukaliwa matanga mpaka mwisho.

Mchana mmoja, kabla wazee hawajaondoa matanga, mwanamke akaingia uani analia, kiatu kimoja mguuni, kingine sijui alikiacha wapi. Nilimjua: mke wa yule mukubwa. Mume wake alikuwa anahara na kutapika tangu alfajiri. Daktari hayuko, muuguzi mwenzangu amelala na malaria. "Anaomba uje sasa hivi," akasema. "Anasema hawezi kungoja."

Hawezi kungoja! Nilicheka. Matangani kwa mama yangu mzazi, nilicheka mpaka shangazi zangu wakanishika mabega, wakidhani akili imeruka. Nilitaka kumjibu: rudi, umwambie mila ni mila. Maneno yalikuwa yamefika mdomoni, matamu kweli kweli. Lakini yule aliyekuwa kaburini njo alinisukuma kutoka mkekani mara ya kwanza, na yeye sasa hakuwa na haraka tena. Nikaamka. Baba mkubwa akaanza kufoka, nikampita.

Nilimkuta kitandani hospitalini, macho yameingia ndani, ile abakosi imetundikwa kwenye msumari juu ya kichwa chake. Nikavua kitambaa changu cha kichwani, nikainama ili auone upara vizuri.

"Mukubwa, niko matangani. Mama yangu amekufa. Nikuguse, ao utangoja?"

Alikitazama kichwa changu. Hakunikumbuka hata kidogo, na hilo liliniuma kuliko yote. Akanyoosha mkono mwenyewe, mshipa juu.

"Fanya haraka, mwanangu," akasema.

Nikamtia serumu, yale maji ya mshipani. Akapona. Likizo kubwa ilipofika, tume ikaja tena Kindu kuwasikiliza watoto, naye alikuwa ameketi palepale katikati ya meza.