Kompyuta ya Wafula ilivyopanga zamu za kuosha choo Ziwani

Wakuu, hamjambo humu ndani. Kuna kijana ameandika hapa eti kompyuta haina upendeleo. Nimecheka mpaka chai ikanipalia.

Hii niliiona kwa macho yangu mtaani kwetu Ziwani, miaka ya tisini. Siongezi chumvi.

Ploti yetu ilikuwa na choo kimoja cha nyumba zote, na kila asubuhi ni kelele: leo anaosha nani?

Jirani yetu Wafula, mtoto wa karani wa reli, alikuwa anasoma computer science. Akatuletea habari za genetic algorithm. Alikuwa na toolkit kwenye diski, programu unayoibadilisha utakavyo. Unaipa masharti, inabuni ratiba nyingi, mbovu zinakufa, nzuri zinazaliana, mpaka ibaki moja, ndiyo bingwa.

Ratiba ya choo, jamani! Fagio limemshinda, anatafuta uzazi.

Akapita mlango kwa mlango kuuliza kila mtu siku asizoweza. Loo, ploti ilivyojaa wagonjwa! Huyu mgongo, yule kwaya, Jumatatu mpaka Jumapili. Baba yangu mzazi akataja night shift ambayo hajawahi kufanya.

Mama Kerubo pekee, mjane aliyeuza sukuma wiki hapo kona, alijibu, "Siku yoyote ni sawa, mwanangu."

Wafula akaiambia programu: ratiba ikimpanga mtu siku ya udhuru wake, ipoteze pointi. Basi. Sharti la haki hakuliweka.

Bingwa akabandikwa mlangoni mwa choo. Jumatatu, Mama Kerubo. Jumanne, Mama Kerubo. Hivyo hivyo mpaka Jumapili.

Na watu wazima wakapiga makofi! "Machine haidanganyi," baba akasema. Niliona aibu kuwa mtoto wake.

Mama Kerubo aliisoma. Akaosha choo kikang'aa, kisha akakifunga kwa kufuli lake na ufunguo akaufunga kwenye leso.

Kesho yake foleni ilifika bombani. Baba, miguu ameibana, akabisha kwake. "Mama Kerubo, si ufungue basi, tafadhali."

"Kazi si ni yangu wiki nzima? Basi hata choo ni changu. Ukitaka kuingia, chagua siku."

Baba akachagua Jumatatu palepale. Migongo ikapona, kwaya ikaahirishwa. Wafula alikuwa mwisho wa foleni, akaangukia Jumapili.

Funzo: mashine ukiilisha visingizio, mzigo itambebesha asiye na kisingizio. Tena hata kompyuta haihitajiki.

Kwenu choo anaosha nani? Nendeni mkaangalie kwanza, ndipo mje mnibishie.